Kutoa Beringi Zilizoganda katika Gurudumu la Pikipiki ya Zamani

  Wale mnaosikiliza kwa vikundi, naomba mmoja wenu awe na karatasi na kalamu, maana leo kutakuwa na vipimo viwili vitatu vya kuandika. Na kama kuna gurudumu kuukuu la pikipiki karibu, lilazeni mezani mbele yenu. Maneno ya redio hueleweka upesi zaidi mkono ukiwa juu ya kitu chenyewe.

Somo hili limetokana na barua ya msikilizaji wetu mmoja wa Hirbadaw, wilaya ya Hanang. Aeleza kwamba marehemu baba yake alikuwa bwana mifugo, naye aliacha pikipiki ya Kijapani ya miaka ya 1970, ambayo imesimama chini ya ukingo wa paa kwa miaka mingi. Yeye na ndugu zake wamekwisha kuifufua injini, nayo yawaka. Lakini gurudumu la mbele halizunguki, na la nyuma lazunguka kwa kukwaruza kama jiwe la kusagia. Fundi mmoja amewashauri walete nyundo ya kilo tano. Mwingine amewashauri walitupe gurudumu lote na kufunga la pikipiki mpya. Msikilizaji wetu auliza kama ipo njia ya tatu.

Ipo, na tena si ya gharama kubwa. Lakini kwanza hebu tuone kwa nini njia zile mbili hazifai. Pikipiki za namna hiyo, kama Honda XL125, Yamaha DT125 na Suzuki TF125, ndizo walizopanda mabwana shamba na mabwana mifugo wengi wa nchi yetu. Kitovu cha gurudumu lake, ambacho mafundi hukiita habu, ni cha aluminiamu iliyomiminwa katika kalibu. Aluminiamu ya kumimina ni nyepesi na nzuri, walakini haipindi, ikizidiwa hupasuka. Piga nyundo ya kilo tano upande mmoja, na ufa utaanza pale pale kwenye ukuta mwembamba wa tundu la beringi. Kitovu kilichopasuka ni vigumu sana kukipata kingine cha namna ile ile. Na kufunga gurudumu la pikipiki mpya si kubadili gurudumu peke yake: bamba la breki halitaingia, ekseli haitalingana, na uma wa mbele utakuwa na upana mwingine. Mwisho wa yote utakuwa na pikipiki mpya iliyovaa tangi la zamani, na urithi wa baba umepotea kipande kwa kipande.

Haya, sasa tulitazame gurudumu lenyewe. Katikati ya kitovu mna beringi mbili, moja kushoto na moja kulia. Kila beringi ina pete ya nje, pete ya ndani, na gololi zinazobingirika kati yake. Pete ya nje imebanwa kwa nguvu ndani ya aluminiamu. Pete ya ndani hupitisha ekseli. Baina ya beringi mbili hizo kuna bushi ndefu, yaani kibomba cha chuma, ambacho kazi yake ni kuzizuia pete mbili za ndani zisisogeleane unapokaza nati ya ekseli. Shikeni sana habari ya bushi hii, kwani ndiyo inayowashinda watu wengi, nasi tutarudi kwake mara tatu leo. Gurudumu la nyuma huweza kuwa na beringi ya tatu ndani ya kibebea sproketi.

Je, beringi hugandaje? Adui wa kwanza ni kutu. Chuma kikiliwa na kutu hakipungui nafasi, bali huongezeka, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Basi pete iliyokuwa imebanwa kwa kiasi chake sasa yabanwa zaidi na uchafu wake yenyewe. Adui wa pili ni chumvi. Chuma na aluminiamu vikigusana penye maji ya chumvi, huwa kama betri ndogo: aluminiamu huliwa taratibu na kuacha unga mweupe, na unga ule hujaa katika nafasi zote na kushika kama simenti. Ninyi wa Hanang mwalijua Ziwa Balangida na magadi yake. Mtu aliyekuwa akipita kando ya ziwa lile kwenda kuchanja ng'ombe, kisha akairudisha pikipiki nyumbani bila kuiosha, alikuwa akiweka chumvi katika kitovu kila safari. Ongeza vumbi la nyanda za Basotu, ambalo hupita ndani ya sili iliyochoka na kuchanganyika na grisi mpaka ikawa kama msasa.

Na matope yana shauri lake. Tarehe 3 Desemba, 2023, matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaufunika sehemu ya mji wa Katesh, na watu zaidi ya themanini wakapoteza maisha. Chombo chochote kilichopata kufukiwa namna ile, hata kama gurudumu lake lilizunguka vizuri baada ya kuoshwa, kingepaswa kufunguliwa beringi. Maji huosha nje tu. Yaliyoingia ndani hukaa.

Kuna adui mwingine ambaye ni binadamu. Beringi inapolegea katika kitovu, mafundi wengine huchukua tindo na kutoboa-toboa ukuta wa tundu ili uote chunusi zitakazobana beringi mpya. Wengine hutia gundi kali. Mkifungua kitovu mkakuta chunusi hizo, jueni kwamba kuna mtu alipita hapo kabla yenu, tena alikuwa na haraka.

Sasa kazi. Liondoeni gurudumu katika pikipiki, na kila washa na bushi fupi inayotoka iwekwe juu ya kitambaa kwa mpango ule ule iliyokaa, kushoto kushoto, kulia kulia. Mwenye simu apige picha. Toeni bamba la breki. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri: vumbi jeusi mtakaloliona ndani ya breki za pikipiki za zamani huweza kuwa na asbesto, na asbesto hudhuru mapafu kwa namna isiyoponyeka. Msilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Lifuteni kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kitambaa hicho kifungeni katika mfuko na kukifukia mbali na watoto. Kazi hii ni ya dakika tano tu, lakini ni watu wachache mno wanaoifanya.

Pengine ekseli yenyewe itakataa kutoka, kwa kuwa imeshikana kwa kutu na pete za ndani na ile bushi ndefu. Msiipige kichwa cha uzi kikiwa wazi. Rudisheni nati mpaka uso wake ulingane na ncha ya ekseli, wekeni kipande cha mti mgumu juu yake, ndipo mgonge. Kabla ya hapo tieni mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ya injini, pande zote mbili, asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne. Kila mkitia, jaribuni kuizungusha ekseli kwa spana, mbele kidogo na nyuma kidogo. Kuzungusha huvunja kutu vizuri kuliko kusukuma. Ikishindikana kabisa, na gurudumu limo bado katika uma, pitisheni bapa la msumeno wa chuma kati ya uma na kitovu, mkaikate ekseli pande zote mbili. Ekseli ni kitu cha kuchongesha kwa fundi wa mashine ya kukereza, bali kitovu sicho. Na vipande vilivyokatwa msivitupe, vitatufaa baadaye.

Ekseli ikitoka, ng'oeni sili kwa bisibisi pana, mkiweka kijiti cha mti chini ya bisibisi ili isitafune ukingo wa aluminiamu. Sili hazirudishwi, nunueni mpya. Chini ya sili tazameni kwa tochi. Je, kuna klipu ya chuma iliyokaa katika mfereji? Je, kuna pete yenye uzi, iliyo na vitundu viwili au vinne usoni? Watu wamepasua vitovu kwa kuipiga beringi ambayo bado imefungiwa na klipu iliyofichwa na uchafu. Sugueni mpaka mwone chuma cheupe. Na wale wenye pikipiki za Kiingereza za zamani, BSA au Triumph, wakumbuke kwamba baadhi ya pete za uzi katika vitovu vyake zafunguka kwa kugeuzwa kulia, kinyume cha desturi. Pete ikigoma, jaribuni upande wa pili kabla ya kuongeza nguvu. Tena baadhi ya pikipiki hizo zatumia beringi za inchi, ambazo hazipatikani katika kila duka. Zipimeni kabla ya kuziharibu.

Naam, sasa gurudumu lipo tupu, nasi tunataka kulilaza. Msililaze juu ya rimu wala spoki. Pangeni vipande viwili vya mbao nene chini ya kitovu chenyewe, karibu sana na tundu, na kati yake muache nafasi ya beringi kuangukia. Nguvu ya nyundo yapasa kushuka moja kwa moja kwenye mbao. Ikipita katika spoki, mtazipinda na rimu itayumba.

Njia ya kwanza ni ya kugonga kutoka ndani. Ingizeni kidole katika tundu la beringi ya juu na kuisukuma ile bushi ndefu upande mmoja. Katika vitovu vingi hucheza kidogo, milimita moja au mbili, na hapo huonekana ukingo mwembamba wa pete ya ndani ya beringi ya chini. Shusheni nondo ndefu yenye ncha bapa mpaka ikamate ukingo ule, mgonge mara moja. Kisha isukumeni bushi upande wa pili, mgonge mara moja tena. Kisha upande wa tatu. Beringi yapasa kushuka sawasawa, kama ndoo inavyoshushwa kisimani. Ikiinama upande mmoja hujibana yenyewe, na kila pigo la ziada hukwangua aluminiamu. Nyundo ya nusu kilo inatosha. Kwa nondo, kitu bora ni shaba, maana haichubui na hairuki vipande. Wahunzi wa Kidatoga, watu wa ukoo wa Gidang'odiga, hufua bangili za shaba. Mwombeni mmoja wao kijiti kimoja chenye urefu wa shubiri na nusu. Sioni fundi gani wa mjini atakayewapa chombo kilicho kizuri kuliko hicho.

Beringi ya kwanza ikianguka, bushi nayo itatoka, na ya pili ni rahisi: ligeuzeni gurudumu, wekeni kipande cha bomba kinachopita ndani ya tundu, mgonge.

Lakini msikilizaji wetu aliandika kwamba bushi haichezi hata kidogo. Imeshikwa. Hapa ndipo twahitaji moto, na kwa moto sharti tufahamu sababu yake, kwa kuwa wengi huogopa kwamba kitovu kikipata joto tundu litapungua. Sivyo. Chuma chochote kikipata joto hukua kote, na tundu lililomo hukua pamoja nacho, kana kwamba limejaa chuma kile kile. Na aluminiamu hukua karibu mara mbili ya chuma. Andikeni hesabu hii. Tuchukue tundu la milimita 37, ambalo ni la beringi yenye namba 6301, inayotumika sana katika pikipiki. Kitovu kikitoka joto la digrii 20 kikafika 100, tundu hukua kama milimita 0.07. Beringi, hata ikipata joto lile lile, hukua kama 0.035 tu. Zabaki kama sehemu tatu za mia za milimita. Ni kidogo kuliko unene wa unywele, walakini kubanwa kwenyewe ni kwa kiasi cha namna hiyo hiyo. Pale ambapo kilo tano za nyundo zilishindwa, unywele huu mmoja huweza kutosha.

Toeni kwanza tairi, tyubu na utepe wa rimu, na bila shaka brekishu zimekwisha kutoka. Futeni grisi yote. Chemsheni birika mbili za maji na kumimina polepole kukizunguka kitovu. Katika nchi yenu ya juu maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, huwa kama 95, nayo hupoteza joto yakiruka hewani. Kwa hiyo maji peke yake huenda yasitoshe kwa beringi iliyoganda miaka ishirini. Jiko la mkaa ni bora. Lishikeni gurudumu juu ya jiko, kitovu kikiwa juu ya makaa mekundu yasiyo na ndimi za moto, na kuligeuza kila dakika moja ili joto lienee. Kipimo chake ni tone la maji: likidondoka juu ya aluminiamu na kuruka likilia, joto latosha. Msingoje rangi ibadilike. Aluminiamu haiwi nyekundu kama chuma kabla ya kuyeyuka, na huo ndio udanganyifu wake. Yaweza kulegea bila kuonyesha dalili. Taa ya gesi ya kuchomelea, inayopiga mahali pamoja, iacheni. Na mafuta ya taa mliyotia siku zile yawe yamefutwa na kukauka kabla ya kukaribia moto, na chupa ya petroli isiwe katika ua huo kabisa.

Kitovu kikiwa moto, vaeni glovu nene na mfanye haraka: mbao, nondo, nyundo. Mna kama dakika mbili au tatu kabla joto halijahamia katika beringi na kupunguza faida. Wakati mwingine hutokea jambo la kufurahisha, ukiligonga gurudumu chini ya mbao mara moja, beringi huanguka yenyewe. Msisikitike ikikataa mara ya kwanza. Acheni kipoe kabisa, tieni mafuta, ngojeni hadi kesho, mfute, mpashe tena. Kupata joto na kupoa hufungua nyufa ndogo katika ule unga mweupe, na mafuta huingia humo.

Wenye vitovu vya chuma, kama zilivyo baadhi ya pikipiki za miaka ya 1950, wajue kwamba hesabu yetu ya aluminiamu haiwahusu. Chuma na chuma hukua sawa. Kwao faida hupatikana kwa kupasha upesi kitovu huku beringi ingali baridi, basi yapaswa wawe wepesi zaidi.

Njia ya pili yaitaka ekseli ile iliyokatwa. Unene wake ni sawa na tundu la pete ya ndani, kwa hiyo hakuna chombo cha dukani kitakacholingana vizuri kuliko hiki. Chukueni kipande cha urefu wa sentimita kumi, kisugueni kutu, kibaneni katika jiliwa, na kwa msumeno wa chuma pasueni ncha moja katikati kwa urefu wa sentimita tatu, kama mtu achongaye pembe ya kushikia uzi. Kisha tafuteni nondo nyembamba na kunoa ncha yake iwe kabari bapa. Kipande kilichopasuliwa kiingizeni kutoka nje katika pete ya ndani ya beringi ya chini, ule mpasuko ukiwa ndani. Kutoka upande wa juu, kupitia beringi ya pili na bushi, shusheni kabari mpaka iingie katika mpasuko. Gongeni. Mpasuko hupanuka na kuikamata pete kama makucha, na mapigo yanayofuata huisukuma beringi yote chini. Hapa bushi haina tena uwezo wa kutuzuia, kwa sababu twapita katikati yake. Njia hii mkiifanya kitovu kikiwa na joto, ni mara chache sana itakapowashinda. Kwa ekseli yenye tundu katikati haifai. Tumieni boliti ya unene ule ule.

Ikiwa beringi imeoza kabisa, pete ya ndani na gololi zaweza kutoka na kuiacha pete ya nje imekwama. Sura yake hukatisha tamaa, kwa kuwa hapana mahali pa kukamata. Mpelekeeni fundi wa kuchomelea kwa umeme. Aisafishe grisi, kisha achore mstari wa weldingi upande wa ndani wa pete, kulizunguka, bila kugusa aluminiamu. Weldingi inapopoa hujikunja, nayo huivuta pete iwe ndogo; mara nyingi hutoka kwa kidole. Mwambieni abane waya wa dunia kwenye kitovu au pete yenyewe, si kwenye rimu, kusudi umeme usipite katika spoki. Palipo hakuna umeme, pete yaweza kusagwa kwa jiwe dogo mahali pamoja mpaka ibaki nyembamba kama karatasi, kisha ikapasuliwa kwa tindo. Chuma cha beringi ni kigumu sana na huvunjika kama kioo. Kipande kidogo cha chuma hicho kikiingia jichoni, safari ya kutoka Hirbadaw mpaka kwa daktari wa macho ni ndefu. Vaeni miwani, na watoto wanaotazama wakae mbali. Nasema hivyo hivyo kwa yeyote anayetaka kuipiga beringi moja kwa moja kwa nyundo ya chuma.

Beringi iliyotolewa kwa kugongwa pete ya ndani hairudishwi hata kama yaonekana nzima. Mapigo yalipita katika gololi, nazo zimetia vishimo katika njia yake. Lakini someni namba yake kabla ya kuiweka kando. Namba 6301 ni tundu la milimita 12, kipenyo cha 37, unene wa 12. Namba 6302 ni 15, 42 na 13. Herufi 2RS baada ya namba maana yake ina mfuniko wa mpira pande zote mbili. Hiyo ndiyo ifaayo vumbi la Basotu, hata kama ya zamani ilikuwa wazi. Beringi bandia zimejaa madukani. Chukueni ile kuukuu mkononi, mzilinganishe, na ile mpya izungusheni sikioni. Inayolia nayo muiache hapo hapo dukani.

Kabla ya kuingiza mpya, ukuta wa tundu usuguliwe kwa kitambaa na mafuta ya taa, na unga mweupe ukwanguliwe kwa kijiti cha mti, si kwa kisu. Ikiwa mna jirani mwenye friji, walazeni beringi usiku mzima katika sehemu ya barafu, ndani ya mfuko uliofungwa. Kipasheni kitovu kama awali, na beringi baridi itatumbukia karibu yenyewe. Ikihitaji kugongwa, igongwe pete ya nje peke yake. Hapa ile beringi kuukuu hupata kazi yake ya mwisho: isagwe kidogo ubavuni ili isibane, iwekwe juu ya mpya, na nyundo impige mzee. Upande wa kwanza ugongwe mpaka beringi ifike mwisho kwenye ukuta wake. Mlio wa nyundo hubadilika, ukawa mzito. Kisha, kabla ya upande wa pili, ingizeni ile bushi ndefu. Hii ndiyo mara ya tatu ya kuitaja, kwa sababu wako watu waliomaliza kazi yote, wakatazama mezani, wakaiona bushi imelala pale. Beringi ya pili ishuke mpaka pete yake ya ndani iguse bushi, na hapo msimame. Mkiendelea kugonga mtazibana gololi upande upande, na beringi mpya itakwisha haraka.

Piteni kwa kidole katika pete ya ndani na kuizungusha. Yapasa kwenda kwa ulaini, bila kusita. Pakeni ekseli grisi nyembamba kwa urefu wake wote, ili mtu atakayeifungua baada ya miaka thelathini asilazimike kuandika barua redioni. Kazeni nati, inueni gurudumu, mlizungushe. Kisha lishikeni juu na chini na kulitikisa. Likicheza, rudieni kuangalia kama beringi zimefika mwisho. Likizunguka vizuri nati ikiwa legevu lakini likawa zito mkiikaza, basi bushi ni fupi au imesahauliwa. Baada ya safari ya kwanza, mathalani kutoka Hirbadaw kwenda Katesh na kurudi, wekeni kiganja juu ya kitovu. Uvuguvugu si kitu, na breki nayo huleta joto lake. Lakini kitovu kikiwaka mkono wakati breki haikutumika sana, msipande tena mpaka mmekifungua.

Kuhusu gurudumu la nyuma linalokwaruza, msikilizaji wetu aanze na beringi ya kibebea sproketi, ambayo ndiyo huvutwa na mnyororo na mara nyingi hutangulia kufa. Juma lijalo, wakati huu huu, tutaeleza namna ya kunyoosha rimu na kukaza spoki. Wekeni tayari kipande cha waya na chaki. Kwaherini.